Kipimo cha Saa Tisa

Mama yangu hakuiamini baromita mpaka aigonge. Aliigonga kioo mara mbili kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa, kisha akasogeza uso na kusoma mgandamizo wa hewa. "Haya, na wewe," aliniambia. Nami nilisoma, tukalinganisha. Tukipishana, tulirudia. Mama alikuwa mpimaji katika kituo kidogo cha hali ya hewa juu ya kilima, na mimi, mwanafunzi wa darasa la sita, nilikuwa msaidizi wake asiye na mshahara wala likizo.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja, meza moja, simu, na daftari kubwa lenye visanduku vingi. Nje kulikuwa na mlingoti wenye mshale wa kuonyesha upepo unatoka wapi, na vikombe vitatu vilivyozunguka kuonyesha nguvu yake. Kutoka hapo uliona bahari yote. Mji ulikuwa chini, nyuma ya kilima, umejikinga na upepo kama mtoto nyuma ya gauni la mama yake. Watu wa chini walijua joto na mvua. Upepo wa bahari walisimuliwa tu.

Kila siku nilitoka shuleni saa nane na nusu, nikatembea robo saa hadi kituoni kwa ajili ya kipimo cha saa tisa alasiri. Cha saa tatu asubuhi mama alikifanya peke yake. Kisha alipiga simu ofisi kuu, na huko alipokea mtu mmoja tu siku zote. Mimi nilimwita Bwana Utabiri, kwa sababu ndiye aliyesoma utabiri wa bahari redioni. Alikuwa na sauti nyembamba na heshima nyingi. Aliuliza mambo manne kwa mpangilio uleule: mgandamizo wa hewa, upepo, nguvu yake, mawimbi. Akimaliza alisema, "Ahsante, macho yangu."

"Kwa nini anakuita macho?" nilimuuliza mama siku moja.

"Kwa sababu yeye yuko mbali, haoni. Juu anaona mawingu kwenye picha, lakini upepo unaogusa maji anauona kupitia kwetu. Kituo kinachofuata kiko ng'ambo ya ghuba, safari ya siku nzima."

Mama alinifundisha pia tabia ya hewa ya bahari zetu za joto. Mgandamizo hupanda asubuhi, hushuka alasiri, hupanda tena jioni. Kila siku ya Mungu. Kutoka kipimo cha saa tatu hadi cha saa tisa, namba ilishuka tatu hivi, na hesabu hiyo niliijua kuliko jedwali la saba. "Ikishuka tatu, tulia," mama alisema. "Ikishuka tano, simama. Ikizidi hapo, kimbilia simu." Mimi niliitikia nikiwa nahesabu nzi dirishani. Miezi mitatu mfululizo ilikuwa imeshuka tatu, na upepo ulikuwa wa kusini mashariki mpaka mshale ukaonekana kama umeota kutu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa taa za baharini. Kazi yake ilikuwa kwenda na mashua ya injini hadi kwenye maboya na minara ya miambani, kubadilisha taa zilizokufa, ili meli zisipande mawe. Walikwenda wawili, yeye na nahodha wake, mzee mnene aliyependa kuimba vibaya. Mjomba hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Bibi Mvua. Alhamisi ile asubuhi alipita kwetu na sanduku lake la vifaa.

"Bibi Mvua, leo nibebe koti au nibebe miwani ya jua?"

"Beba miwani, mjomba."

"Nikilowa nitakuja kukudai koti," alisema, akacheka, akashuka kwenda bandarini.

Basi siku hiyo hiyo, saa sita mchana, mama alikuja shuleni na mdogo wangu mgongoni. Mtoto alikuwa anaungua homa, macho yamelegea. Mama aliniita pembeni ya darasa.

"Mwanangu, nampeleka huyu hospitali. Kipimo cha asubuhi nimeshatuma, ilikuwa elfu moja na kumi na mbili. Cha saa tisa ni chako. Bwana Utabiri nimemwambia, anajua leo utapiga wewe."

"Sawa, mama."

"Usikisie. Gonga kioo, toka nje, tazama mshale, tazama maji."

"Mama, mimi nimekua sasa."

"Umekua mdomo," alisema, akanipa ufunguo, akaondoka haraka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojiharibia. Siku hiyo tulikuwa na mechi ya mpira wa pete dhidi ya shule jirani, waliokwishatufunga miaka miwili na kutuimbia nyimbo za kejeli hadi kwenye foleni ya maji. Mimi ndiye niliyekuwa mfungaji. Mechi ilianza saa nane na nusu. Kwenda kituoni na kurudi ni nusu saa, na nusu saa ni nusu ya mechi. Mwalimu wa michezo alikuwa radhi kunitoa, alisema mwenyewe, "Kama una kazi ya mama yako, nenda." Nikamjibu kuwa nimepanga kila kitu.

Kilichopangwa kilikuwa hiki. Wakati wa mapumziko, nikiwa ninatiririka jasho, nilikimbia hadi kwa karani wa shule nikamwomba simu. Kichwani nilikuwa na kumi na mbili ya asubuhi. Nikatoa tatu, ikabaki tisa. Nilijua hewa inavyokwenda, basi nikaona kuna haja gani ya kwenda kuitazama?

"Mgandamizo?" Bwana Utabiri aliuliza.

"Elfu moja na tisa."

"Upepo?"

"Kusini mashariki, wa wastani. Mawimbi madogo."

Nikasikia kalamu yake. "Nasikia kelele huko kituoni."

"Ni wanafunzi wanapita njia, bwana."

"Haya. Ahsante, macho yangu."

Uongo wa mtu asiyejua kitu hugunduliwa mara moja. Kama ningekuwa sijui, ningesema kumi na mbili ileile, naye angeshtuka, kwa sababu hewa yetu haikai palepale mchana. Lakini mimi nilifundishwa. Niliudanganya mfumo mzima kwa elimu ileile aliyonipa mama, na ndiyo maana hakuna aliyeshuku.

Tulishinda kwa goli moja, la kwangu. Wakanibeba juu juu. Saa kumi na nusu nilipita kituoni, nikafungua mlango, nikajaza visanduku vya daftari kwa mwandiko safi. Baromita ilikuwa ukutani, mbele yangu, mkono ukinyooshwa unaigusa. Sikuigonga. Hata macho sikuiinulia, maana nilijua nikiiona nitalazimika kupiga simu tena na kueleza. Nikafunga mlango, nikashuka nyumbani.

Saa kumi na moja redio ikasema: "Pwani na maji ya mbali, upepo wa kusini mashariki, wa wastani. Mawimbi madogo. Hali ni salama kwa vyombo vidogo." Mungu anisamehe, nilitabasamu. Namba zangu zilikuwa zimekuwa redio.

Mama alirudi jioni na mdogo wangu, homa imeshuka. "Ulipima?" aliuliza akiwa bado mlangoni.

"Nilipima."

"Hewa ilikuwaje?"

"Ilishuka tatu."

Akanishika shavu. "Bila wewe leo ningefanya nini?" Nikaenda kupakua chakula cha jioni. Mvua ilinyunyiza juu ya bati, ikakatika, tukalala.

Ijumaa katikati ya somo la pili, mtu wa redio wa bandarini alikuja shuleni kumtafuta mtoto wa mpimaji. Nilitoka nje nikidhani mdogo wangu amezidiwa. Yule bwana alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi.

"Nenda kwa mama yako," alisema. "Mashua ya taa haijarudi."

Njiani alinieleza, na kila neno lilikuwa msumari. Alhamisi saa kumi na moja na nusu, nahodha alimwita kwa redio, akamwambia mawingu ya huko hayampendezi, akauliza utabiri unasemaje. Akamsomea: salama kwa vyombo vidogo. Nahodha akasema, "Kama ni hivyo, tunakwenda kumalizia taa ya mwisho, tutalala huko." Saa kumi na mbili na nusu akaita tena, sauti imebadilika, anasema maji yanaingia, injini imezima. Kisha redio ikakatika, na giza likazuia boti kutoka.

Tulipanda kituoni. Nilimkuta mama amesimama mbele ya baromita, anaigonga na kuigonga.

"Elfu moja na nne," alisema bila kunigeukia. "Jana alasiri tisa, leo asubuhi nne. Imeanguka usiku mmoja namna hii? Na upepo ni uleule wa kusini mashariki." Aligeuka. "Jana hukuona dalili yoyote, mwanangu?"

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu. Mama alikuwa mbele yangu, hakuna mtu mwingine chumbani isipokuwa mtu wa redio aliyekuwa mlangoni na kofia yake. Lakini niliona meza ile, simu ile, nikawaza: nikisema, watamfukuza mama kazi. Tutakula nini? Tutalala wapi? Nikajiambia kuwa wataonekana tu, leo leo, na jambo litajifia lenyewe.

"Sikuona kitu, mama," nikasema.

Waokoaji walipotoka na boti, waliuliza ofisi kuu watafute wapi. Chombo kilichozimika injini huenda upepo unakokisukuma, na upepo walioujua ni wa vipimo viwili: changu cha Alhamisi saa tisa na cha mama cha Ijumaa saa tatu. Vyote viwili kusini mashariki. Kwa hiyo wakakata shauri kuwa mashua imesukumwa kaskazini magharibi, wakaenda huko.

Ijumaa wakarudi mikono mitupu. Jumamosi wakaongeza boti na ndege ndogo, wakarudi mikono mitupu.

Nyumba yetu ilijaa majirani. Kila aliyeingia alimshika mama mkono na kusema, "Jikaze. Ajali haina kinga." Walisema kwa huruma, na kila waliposema nilitamani ardhi ipasuke, kwa sababu mimi nilijua kinga ilikuwepo, ilikuwa ukutani, na ilihitaji kugongwa mara mbili. Nilijificha jikoni nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Sikuweza kula. Nililia mpaka kichwa kikawa kizito, na watu wakasema, "Maskini, anampenda mjomba wake." Hiyo nayo ilinichoma, kupewa pole wakati nilistahili makofi.

Jumamosi alasiri alikuja mke wa nahodha. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na alikuja na mfuko wenye nguo kavu za mumewe, zimepigwa pasi. Alisema akishuka botini atakuwa amelowa. Alikaa sakafuni karibu na mama.

"Dada, wewe ndiye unayejua mambo ya upepo," alisema. "Niambie ukweli. Yuko upande gani?"

"Kaskazini magharibi," mama alimjibu. "Wanamtafuta huko huko."

Yule mama akageuka, akatazama ukuta wa upande wa kaskazini magharibi, akaanza kuomba akiuelekea. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe. Nilifungua mdomo. Nakuapieni niliufungua. Kisha nikaona macho ya watu wote chumbani, nikaufunga, nikarudi jikoni.

Jumapili asubuhi wakuu wa bandari walituma ujumbe. Mafuta yanakwisha, siku zimepita, msako utaendelea hadi jua kuzama, basi. Mama alipousikia hakulia tena. Alikaa tu, ametazama miguu yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha zika. Kisha akainuka, kwa sababu saa tatu ilikuwa inakaribia, na kipimo ni kipimo. Nikamfuata.

Kituoni tulimkuta mtu anatungoja. Mfupi, miwani minene, shati limekunjamana la mtu aliyesafiri usiku kucha, na ramani imeviringishwa kwapani. Aliposema "Habari za asubuhi" nilimjua kwa sauti. Alikuwa Bwana Utabiri.

"Sipati usingizi," alimwambia mama. "Nimechora njia ya mashua ile mara kumi, na mara zote inakwenda mahali walipokwisha tafuta. Ama imezama, ama kuna kipimo kina kasoro. Nimekuja kuona daftari."

Mama akalifungua. Akaweka kidole kwenye kisanduku cha Alhamisi.

"Hiki cha saa tisa," Bwana Utabiri alisema taratibu. "Hewa ishuke tatu tu, kisha ianguke tano zaidi kabla ya asubuhi? Hainiingii akilini. Alipima nani?"

"Mwanangu," mama alijibu, na kifua chake kikapanda. "Usiwe na wasiwasi na hicho. Huyu nimemfundisha mwenyewe. Huyu hadanganyi, bwana."

Hilo ndilo lililonivunja. Ningestahimili fimbo, ningestahimili matusi. Nilianguka magoti pale sakafuni.

"Sikupima," nikasema. "Mama, sikupima. Nilikuwa kwenye mechi. Nilitoa tatu kichwani, na upepo nikasema ule wa kila siku."

Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani, akanitazama kama mtoto wa watu. Bwana Utabiri alivua miwani, akaifuta kwa shati lile chafu, akaivaa.

"Unaona mistari hii midogo?" alisema, akinionyesha visanduku vya mwaka uliopita ambamo mama alipiga mkwaju mmoja badala ya namba. "Siku hizo mama yako alikuwa mgonjwa. Hakupima, akapiga mkwaju, akaniambia hajapima. Hakuna aliyemlaumu. Nikiona mkwaju najua sina macho upande huu, na sithubutu kusema bahari ni salama. Ungeniambia tu, 'Bwana, leo sikupima.' Basi."

Nilikuwa nalia kwa sauti, nimeshika sakafu.

"Inuka," alisema. "Machozi baadaye. Sasa jua linakimbia. Saa tisa ile ulikuwa wapi hasa?"

"Uwanja wa shule."

"Uko juu ya kilima, uwanja wa wazi?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi na wewe ulipimwa na upepo hata kama hukuupima. Fikiri. Mpira ulikwendaje? Usiniambie unachodhani nataka kusikia. Usipokumbuka, sema hukumbuki."

Nilifumba macho. "Kipindi cha kwanza tulilenga goli la upande wa zahanati. Kila nikirusha, mpira ulirudi. Wenzangu walisema nimerogwa."

"Ulirudi kwako, au ulikwenda pembeni?"

"Ulirudi kwangu, moja kwa moja. Na kipindi cha pili, goli la upande wa madarasa, ulikuwa unavuka pete. Nililazimika kurusha kidogo kidogo. Vumbi lilituingia machoni, mwamuzi akasimamisha mchezo mara mbili."

"Zahanati iko upande gani?" alimuuliza mama.

Mama aliongea kwa mara ya kwanza. "Kaskazini," alisema. "Kaskazini kabisa."

Bwana Utabiri alikwisha kuitandaza ramani. Akampigia simu mwalimu wa michezo, akamuuliza maswali yaleyale bila kumdokezea majibu yangu, naye akajibu yaleyale. Kisha rula, penseli, hesabu za pembeni. Mstari wake mpya ulikwenda kusini, mbali kabisa na pale walipotafuta tangu Ijumaa, maana upepo mkali wa kaskazini uliisukuma mashua mbali usiku ule, na ule wa wastani uliofuata haukuweza kuirudisha. Akapiga simu bandarini.

"Kusini," alisema. "Ndiyo, nina hakika. Kipimo cha kwanza kilikuwa na kasoro. Hapana, msiulize ya nani sasa hivi. Pelekeni ndege."

Tulikaa pale mchana kutwa. Mama hakusema nami. Saa tisa ilipofika alisimama, akagonga kioo, akasoma, akatoka nje, akaandika. Hakuniambia, "Na wewe." Niliona visanduku vile vikijaa bila mimi na nikajua kwamba hata mjomba akionekana, kitu kingine kati yetu kimekwisha kupotea, na sikujua kitatafutwa upande gani.

Saa kumi na nusu simu ililia. Bwana Utabiri akasikiliza, akafumba macho.

"Wameiona," alisema. "Imejaa maji nusu, lakini inaelea. Kuna mtu mmoja hai."

"Mmoja?" mama alisema.

"Mmoja, dada. Ni fundi."

Mama alipiga ukelele, na sikuweza kujua ni wa furaha au wa msiba. Ulikuwa wa vyote viwili. Mimi akilini nilimwona mke wa nahodha akiomba ameuelekea ukuta ambao sio.

Jumanne waliniruhusu kuingia hospitali. Mjomba alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, midomo imepasuka, ngozi ya mabega imechunika kwa chumvi na jua. Aliponiona alijaribu kucheka.

"Bibi Mvua. Nimekuja kudai koti."

Sikuweza kucheka. Nilisimama karibu na kitanda, mama nyuma yangu. Alikuwa ameniambia nyumbani, "Hili utalisema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako." Nikalisema. Nilisema lote, mechi, simu ya karani, Ijumaa pale mtu wa redio alipokuwa mlangoni, Jumamosi na sinia la vikombe. Nilipomaliza, mjomba alikuwa ametazama dari.

"Nahodha alikufa Jumamosi adhuhuri," alisema mwishowe. "Ijumaa yote alikuwa mzima. Alikuwa ananiimbia nyimbo zake mbaya ili nisisinzie. Alinipa maji yake ya kunywa, akadai hana kiu."

"Mjomba, mimi ndiye niliyemuua."

"Bahari ndiyo iliyomuua. Wewe ulituondolea onyo, na hilo ni zito la kutosha, usilipunguze na usiliongeze." Alijigeuza kwa taabu akanitazama usoni. "Sikiliza, mpwa wangu. Kukosea kila mtu hukosea. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga taa vibaya. Lakini niliporudi nilisema usiku uleule, na meli zikaambiwa. Wewe ulikosea Alhamisi. Ungesema Ijumaa, wangetutoa wawili. Ukasema Jumapili, wakatoa mmoja. Ukweli ukichelewa, mwanangu, huokoa wale waliobaki tu. Sikwambii ili nikuumize. Nakwambia kwa sababu una umri wa kuishi na hili miaka mingi, na nataka likufae kitu."

Nikaficha uso kwenye shuka lake. Mkono wake, uliofungwa bendeji, ukatua kichwani mwangu.

"Mama yako watamfukuza?" aliuliza.

"Nimepewa barua ya onyo," mama alijibu. "Imesema kweli tupu. Nimeisaini."

"Basi limebaki moja," mjomba alisema. "Mke wa nahodha bado anadhani bahari iligeuka ghafla. Anauliza kila anayemwona. Mtu anayelijua jibu lake ni mmoja."

"Mjomba, siwezi. Atanichukia."

"Huenda akakuchukia. Ni haki yake. Lakini ameomba ukweli, na safari hii usimcheleweshee."

Tulitoka hospitali, mama na mimi, tukapita mitaa ya chini ambako hapavumi upepo. Mlango wa nahodha ulikuwa wazi, viatu vingi nje, watu wa msiba wamekaa kwenye mikeka. Mama alisimama nje, akanipa mkono, akanibana vidole kwa nguvu. Ilikuwa mara ya kwanza kunigusa tangu Jumapili. Kisha akaniachia, akasema, "Ingia. Mimi niko hapa."

Mke wa nahodha alikuwa amekaa kwenye kona, kitambaa begani. Aliinua uso akaniona, akaninyooshea mkono nikae karibu naye, maana bado hakujua. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyepaswa kupima Alhamisi. Nimekuja kukuambia ukweli."